Cheti cha SSL cha bure au cha kulipia kwa duka la leso?

LesoZaMtaani
Assalam aleikum wanajamvi. Nauza leso Mtaa wa Biashara, Mombasa, na juzi nimefungua duka la mtandaoni. Mteja wa Nyali kanitumia picha ya simu yake: kando ya anwani ya duka langu kivinjari kimeandika "Si salama". Akaacha kununua. Imeniuma, doti aliyoitaka nilikuwa nishamwekea kando. Kampuni inayonitunzia tovuti yaniambia ninunue cheti chao cha SSL cha bei ya juu, ndicho kiwezeshacho tovuti kusimba, yaani kuficha, data za mteja zikiwa njiani. Mwanangu asema cha Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti hivyo, ni bure. Nishike lipi?

Fundi_Kisauni
Wa aleikum salaam dada. Mfuate mwanao. Hao wanatoa vyeti bure tangu 2015, na usimbaji ni ule ule. Nguvu yake hutokana na jinsi seva (kompyuta inayobeba tovuti) ilivyopangwa, si bei ya cheti. Bila cheti, mteja akiingia dukani kwako kwa Wi-Fi ya mkahawa, jina lake, simu yake na mahali pa kupelekewa mzigo hupita wazi. Mjanja aliye kwenye Wi-Fi hiyo anaweza hata kubadilisha namba ya tili ya kulipia kabla ukurasa haujamfikia mteja. Pesa zikaenda kwake, nawe ukalaumiwa wewe. Hilo ndilo linalonitia hofu zaidi.

BintiKibokoni
Cha bure ni kizuri ila hudumu siku 90. Changu kiliisha Ijumaa jioni, wiki ya kuelekea Idi, kwa sababu programu ya kukihuisha ilikwama na mimi sikuwa na habari. Wateja wakakuta onyo limejaa skrini nzima. Nilipoteza oda za siku mbili. Hakikisha kinajihuisha chenyewe, na weka ukumbusho kwenye simu. Cha kulipia nacho huisha: mwaka 2020 vivinjari vilianza kukataa cheti kipya cha zaidi ya siku 398, na kikomo hicho kinazidi kupunguzwa.

MzeeWaKongowea
Msikidharau cha kulipia. Kile cha daraja la juu, mtoaji hukagua usajili wa kampuni yako kwanza. Cha bure huthibitisha tu kwamba jina la tovuti liko mikononi mwako. Tapeli akisajili jina linalotofautiana na lako kwa herufi moja, naye atapata cheti kama hicho hicho.

Fundi_Kisauni
Kwa tapeli umenena kweli, mzee wangu. Lakini mteja atauonaje huo ukaguzi? Zamani jina la kampuni lilitokea kando ya anwani. Chrome ililiondoa hapo 2019. Sasa mpaka abonyeze ndani kulitafuta, na aliye kwenye foleni ya feri Likoni hana muda huo. Dada, pesa hiyo chapishia jina la tovuti kwenye mifuko yako, wateja walijue herufi kwa herufi. Na waandikie wazi: PIN ya M-Pesa huingizwa kwenye ombi linalotokea kwenye simu, kamwe si kwenye ukurasa wa duka.

LesoZaMtaani
Ahsanteni sana. Cha bure kimewekwa jana, kinajihuisha. Onyo lilibaki kwa waliotumia kiungo cha zamani cha http, kisichosimba data, hadi mwanangu alipokielekeza kwenye https, kinachotumia cheti. Picha chache pia zilikuwa zikiitwa kwa anwani ile ya zamani, amezirekebisha moja moja. Dada wa Nyali nimemtumia kiungo kipya. Doti yake bado iko kando.