Kutafsiri maandishi ya kwenye picha, mbona yanatoka ovyo?

Wakuu, nina picha ya maelekezo ya dawa yameandikwa Kijerumani, nikiiweka kwenye app ya kutafsiri nusu ya maneno yanarukwa na herufi zingine zinageuka namba kabisa, shida ni simu au?

— Simu haina kosa mkuu. App inasoma herufi kwanza ndo itafsiri, sasa ikisoma vibaya na tafsiri inaharibika. Piga upya penye mwanga, karatasi inyooke, kata pembeni ubakize maandishi tu.

— Na uichagulie Kijerumani mwenyewe, usiiache ikisie. Mi huwa nanakili maandishi kwa Google Lens (ya Google, inasoma maandishi kwenye picha), narekebisha makosa ndo natafsiri. Ila kipimo cha dawa muulize mfamasia, ikichanganya 1 na 7 utajuta.

— Imekubali! Kumbe flashi ndo ilikuwa inang'arisha karatasi 😂