Kinanda cha kwaya: 480 umeitaja MWENYEWE halafu unamsingizia mtoto!

Mpiga Kinanda Gungu

Wakuu, mwakeye. Sijalala tangu jana, na nisipoyatoa haya hapa nitapasuka.

Ni yule bwana wa kofia. Simtaji, hakuna haja. Kigoma nzima mnamjua, kuanzia Kibirizi hadi Ujiji, hata migebuka huko ziwani wanamjua. Yule anayeendesha mnada wa vyombo vya muziki vya mtumba kwenye kundi la simu kila Ijumaa usiku. Jana katoa kinanda, Yamaha ya vitufe 61, kitufe kimoja cha juu kinakwama na adapta si yake ya asili. Sawa. Mtumba ni mtumba, sina ugomvi na kitufe.

Kwaya yetu inaimba kwa ngoma na kayamba tangu kinanda cha zamani kiungue siku umeme uliporudi kwa kishindo. Watu wamechanga miezi saba. Kuna mama anauza mawese pale Mwanga, kila Jumapili alikuwa analeta elfu mbili yake, hakuruka hata moja. Jumla tukafika 475,000. Ndiyo yote, hata hela ya bodaboda ya kukibeba haimo.

Mnada umeanza saa mbili usiku kwa 200,000. Tulikuwa watu wanne watano hivi. Kufika 310,000, mtu wa mwisho ninayemfahamu, kijana wa bendi ya harusi, akaandika "nimenawa mikono". Nikaweka 315,000. Hapo kinanda si changu? Hapo ndipo likatokea ua. Namba haina jina, picha yake ua waridi. Nimeweka 315, ua 320. Naweka 330, ua 335. Sekunde kumi haziishi! Hata mbwa wa getini habweki haraka hivyo. Nikapanda nalo hadi 475, mikono inatetemeka.

Kimya. Dakika moja. Dakika mbili. Nikaanza kumshukuru Mungu.

Halafu ikaingia "480". Kutoka kwa nani? Kwa YEYE MWENYEWE. Muuzaji! Na kofia yake kwenye picha! Anapandisha dau kwenye kinanda chake! Kabla sijameza mate, ujumbe ukafutwa, na hapo hapo ua waridi likaandika "480".

480 ile ile!

Nikauliza kwa adabu kabisa, "Kaka, mbona 480 umeitaja wewe?" Akajibu: "Samahani, mtoto alikuwa anachezea simu." Mtoto! Saa nne kasoro usiku! Mtoto anayejua kwamba baada ya 475 inakuja 480! Huyo mtoto asipelekwe chekechea, apelekwe Benki Kuu moja kwa moja.

Nilipouliza mara ya pili nikatolewa kwenye kundi. Leo saa mbili asubuhi kanipigia, sauti ya upole kama mchungaji: "Mshindi wa jana hapatikani, nakuachia kwa ile 475 yako." Hapatikani! Atapatikana wapi na yumo mfukoni mwako? Nikamwambia nalipa 315, maana kuanzia hapo nilikuwa nashindana na laini yako ya pili. 160,000 nzima nimepandishwa na mtu ambaye hayupo duniani. Akakata simu.

Nikifumba macho naiona. 480, na kofia.

Mgebuka Mkavu

Hahahaa, mkuu umeshindana na ua waridi saa mbili nzima! Nimecheka hadi mke wangu kaamka kuuliza kuna nini. Pole lakini.

Fundi Redio Mwanga

Mleta mada hajazusha chochote. Ni huyo huyo aliyenifanyia kwenye amplifaya. Mteja hewa wangu mimi alikuwa na picha ya simba. Simba kanipiga hadi 180,000, nikakaa pembeni. Kesho yake naambiwa simba kapata msiba, nichukue mimi. Nikachukua. Mwezi uliofuata nikamwona simba yuleyule anagombania spika.

Mama Kibirizi

Mwanangu pole. Lakini hiyo 475 si umeiandika wewe? Nani alikushika mkono?

Mpiga Kinanda Gungu

Shikamoo mama. Nimeiandika mimi, sikatai. Lakini nilipanda kwa kuwa niliamini kuna mwenzangu huko anakitaka kama mimi. Mnada si ndiyo huo, bei inapimwa kwa hamu ya watu wawili. Sasa mtu wa pili akiwa ni mwenye mali, mimi napimwa na nini? Na amemsingizia MTOTO, mama. Angesema kidole kimeteleza ningemwelewa kidogo.

Mwana Unyanyembe

Mwangaluka kutoka Tabora. Huku vijana wa bendi wana ndugu zao Uingereza wanaowanunulia magitaa eBay, ule mnada wa mtandaoni, na kule kujipandishia bei ni marufuku, ila watu wanajaribu kila siku. Mwaka 2000 mchoro mmoja ulipandishwa hadi dola 135,805, ikabainika muuzaji naye ametia dau kwenye mali yake. Mauzo yakafutwa, wahusika wakaishia mahakamani Marekani. Uingereza napo mwaka 2010 mtu alipigwa faini ya pauni 5,000 kwa mchezo huo huo.

Wewe kosa lako ni kupandana naye ngazi kwa ngazi. Ua kazi yake ni kukuchokonoa hadi lijue mwisho wako uko wapi. Wazoefu hukaa kimya mnada wote, wanatupa bei yao mara moja sekunde za mwisho, ua linakosa muda wa kuchanua.

Mpiga Kinanda Gungu

Kaka, kule saa ikifika mnada unafungwa. Huyu wa kofia kila mtu akipanda anaongeza dakika tano. Sekunde za mwisho kwake hazipo, anazitengeneza na kuzifuta kama alivyofuta 480.

Reli ya Kati

Msimchekee, ni kosa. Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, haimruhusu muuzaji kutia dau kwenye mnada wake, yeye au mtu wake, kama hakutangaza mapema kwamba amejiwekea haki hiyo. Je, alitangaza? Una picha ya skrini?

Mpiga Kinanda Gungu

Ya 480 ya kwanza sina, ilifutwa ndani ya sekunde tatu. Ninayo ya "mtoto alikuwa anachezea simu". Nimeihifadhi sehemu tatu.

Mgebuka Mkavu

Nenda polisi basi. "Afande, nimeibiwa na waridi." Watakuuliza, liua lina miiba?

Fundi Redio Mwanga

Wewe Mgebuka, utani mwingine uache. Zile ni hela za michango.

Mama Kibirizi

Nyie mnalia na kinanda, mimi nalia na dagaa. Pale mwaloni wanakuja wanunuzi watatu, kila mtu na ndoo yake, hawasalimiani kabisa. Wa kwanza anataja bei ya kunizika. Wa pili anachota kiganjani anasema dagaa wana mchanga. Wa tatu ananionea huruma, ananunua kwa bei ya wa kwanza. Jioni nikawakuta wote watatu wanakula ugali sahani moja! Mwenzenu kapandishwa, mimi nashushwa, kila siku, na sijawahi kufungua uzi.

Reli ya Kati

Mama, hao watatu mmoja ana kovu mkononi?

Mama Kibirizi

Huyo huyo! Ndiye wa mchanga!

Reli ya Kati

Basi na mimi kanipata. Magunia manne.

Mwana Unyanyembe

Afadhali ninyi dagaa mnawaona. Huku siku hizi mtu anakuuzia asali ya Sikonge, ukifika nyumbani imeganda chini kama sukari guru. Ukirudi anakwambia nyuki walibadilisha maua.

Mgebuka Mkavu

Watu wa Tabora nyamazeni. Mnauziwa dagaa wa Mwanza mnaambiwa wa Kigoma, mnalipa mara mbili na mnashukuru.

Mwana Unyanyembe

Mimi nimekulia jirani na stesheni, dagaa wa Kigoma nawajua tangu sijaota meno. Wa kwenu ni weupe, hawana uchungu. Usinifundishe.

Mpiga Kinanda Gungu

Jamani, turudi kwenye 480. Jumapili hii kwaya itaniuliza, niwaambie nini?

Fundi Redio Mwanga

Dagaa wa Mwanza ukiwakaanga vizuri na nyanya hawana tatizo. Tatizo ni wapishi.

Mgebuka Mkavu

Nani kamruhusu huyu aishi Kigoma?

Mama Kibirizi

Mwana Unyanyembe, mimi nina dagaa wa usiku wa jana, wamekauka juani, juu ya chanja, hawajagusa mchanga hata punje. Nakupakilia kwenye treni unapokea hapo stesheni.

Mwana Unyanyembe

Shikamoo mama. Kilo ni shilingi ngapi? Na usiniletee watu watatu.

Mpiga Kinanda Gungu

Wakuu!! Namba ya ua bado ninayo kwenye simu, nimeiangalia sasa hivi. Limebadilisha picha. Limeweka KINANDA. Kinanda chenyewe, nakiona kile kitufe kinachokwama!

Mama Kibirizi

Niandikie pembeni mwanangu tuelewane bei. Unataka kilo tano au kumi?