Kikundi: Nyumba ya Kibokoni (safari ya Salim)

JUMATATU

Da Rukia 06:52
Asalaam aleikum familia. Natumai nyote mmeamka salama. Kama mjuavyo Salim wetu amepata kazi Singapore na ndege ni Jumapili tarehe 23, leo ni tarehe 10, siku zaenda. Nimekaa nikapanga. Dua Ijumaa tarehe 21 baada ya Magharibi hapo kwa Bibi, biriani nasimamia mimi, kila nyumba 2,000. Halafu kuna kianzio chake, hicho nitaeleza. Tumeni kwa namba yangu ya siku zote. Na msinijibu kwa vidole gumba, nataka majibu

Mbarak 06:58
👍

Da Rukia 06:58
Mbarak

Mbarak 06:59
Si nimejibu lakini

Ami Athmani 07:20
WALEIKUM SALAAM. MASHAALLAH. HIYO SASA NI BANDARI. MWAKA 2024 SISI HAPA KILINDINI TULIPITISHA KONTENA KAMA MILIONI 2 KWA HESABU YA FUTI ISHIRINI TUKAPIGA NGOMA NA MATARUMBETA. WAO MILIONI 41 NA HAKUNA ALOPIGA HATA KIGELEGELE. NILIPOKUWA KAZINI MELI IKITOKA KULE TULIKUWA TWAIJUA KWA VILE MIZIGO IMEPANGWA

Mbarak 07:22
Ami toa hizo herufi kubwa unatuamsha

Ami Athmani 07:23
SIJUI ZATOLEWA WAPI

Nasra 07:31
Salim umechanja homa ya manjano? Mtu akitoka Kenya lazima awe na ile kadi ya manjano, na kadi haianzi kufanya kazi siku ya sindano, ni baada ya siku kumi. Unafika Jumatatu tarehe 24, kwa hivyo mwisho wako ni Ijumaa hii tarehe 14 na hapo umekata kwa wembe. Nenda kesho. Bila kadi wana haki ya kukuweka karantini

Mbarak 07:33
Salim asichanje awekwe karantini siku sita alale, hajalala tangu aoe 😂

Nasra 07:34
Mbarak sifanyi mchezo

Mbarak 07:36
Na bigijii pia aache hapa, kule kuuza bigijii ni marufuku tangu 1992, nimesoma. Kutema mate njiani faini. Kassim na tambuu lake angemaliza mshahara kwa faini kabla ya saa nne asubuhi

Ami Athmani 07:38
😂😂😂 NA MUGUKA JE

Mbarak 07:39
Ami hiyo usiitaje hata kwa simu. Kule mihadarati watu wananyongwa

Nasra 07:40
Na zile vepu zako, sigara za umeme, usimpe akubebee, nazo haziruhusiwi. SALIM CHANJO

Da Rukia 08:15
Nasra asante. Turudi kwa mambo ya maana. Waliojibu mpaka saa hii ni Mbarak (kidole) na Ami. Namba ishirini na kitu kwenye kikundi, mwasoma tu. Naona alama za bluu

Da Rukia 12:40
Naeleza kianzio. Tiketi kampuni imelipa, Ethiopian kupitia Addis, hilo halituhusu. Lakini akifika anatakiwa alipe chumba mwezi wa kwanza na amana ya mwezi mwingine, na mshahara ni mpaka mwisho wa mwezi. Chumba, sio nyumba, chumba ndani ya fleti ya watu, ni kama elfu moja ya kule na dola yao ni kama mia ya kwetu. Piga hesabu. Laki mbili

Shangazi Mwanajuma 13:05
Laki mbili.

Shangazi Mwanajuma 13:06
Neno kianzio si mara ya kwanza kulisikia kwenye nyumba hii

Da Rukia 13:10
Shangazi tafadhali

Shangazi Mwanajuma 13:14
Mimi sijataja mtu. Nasema tu Ma alikuwa na bangili sita na sasa ana mbili, na aliyekwenda Doha alirudi baada ya wiki kumi na begi lile lile, na mpaka leo hatujaambiwa ile ajenti ilikula ngapi na yeye alikula ngapi. Bas. Mimi nitatoa yangu, sikatai

(Ami Athmani amefuta ujumbe huu)

Mbarak 13:30
Jamani nani ana picha ya ile mechi ya jana

Da Rukia 13:31
Mbarak nitakutoa kwenye kikundi

Kassim 16:02
Nasoma

Da Rukia 16:20
Kassim hakuna anayekusema mdogo wangu. Tuendelee. Jambo jingine, Mwana anaingia chuo Januari kwa hivyo Bibi atabaki peke yake na usiku haoni vizuri, tumeonelea Swabra na watoto wahamie kwa Bibi hapo Kibokoni, nyumba yao ya Bombolulu waiachie wapunguze kodi, na Bibi apate mtu. Hilo limekaa vizuri kwa kila upande alhamdulillah

Swabra 18:47
Tumeonelea na nani

Da Rukia 18:49
Swabra mke wetu si Salim alikwambia

Swabra 18:49
Salim aliniambia nini

Mbarak 18:51
Uuuwi

Nasra 18:52
Mbarak nyamaza

Salim 21:44
Asalaam aleikum. Samahanini nilikuwa shifti, kreni namba mbili ilikwama tangu mchana na huko juu simu sishiki. Nimesoma zote. Kwanza Da Rukia hakuna ajenti, naomba hilo lieleweke kwa sababu naona linaelekea huko, kampuni yenyewe ndo iliyoniombea kibali kwa wizara yao ya kazi, kinaitwa S Pass, mwajiri ndo huomba si mimi, sijalipa mtu hata shilingi na barua ninayo, nitaituma hapa mwenye macho asome

Salim 21:51
Pili mshahara. Najua mmesikia namba mkashangilia. Ni 4,200 ya kule, ukiibadilisha unaona laki nne na kitu unafikiri nimekuwa mbunge, lakini ukitoa chumba, chakula, treni, na ya kutuma nyumbani, haibaki ya kujivunia. Nzuri kuliko ya hapa lakini si ile ya kwenye vichwa vyenu

Salim 21:58
Na tatu hii nilitaka kuisema nyumbani si hapa. Kumleta mke na watoto kule sheria yao inataka mshahara usipungue 6,000 kwa mwezi. Mimi nina 4,200. Kibali ni miaka miwili. Kama nitapanda cheo inshaallah

Swabra 22:03
Uliniambia miezi mitatu utatuita

Salim 22:04
Nilikuwa sijaisoma vizuri Swabra

Swabra 22:04
Barua unayo tangu Septemba

Salim 22:06
Nipigie

Mbarak 22:15
Kisiwa kwa kisiwa lakini, wao wana barabara ya kwenda bara tangu 1924 sisi bado twapanga foleni ya feri Likoni 😅

(ujumbe umesomwa na 19)

JUMANNE

Da Rukia 06:30
Asalaam aleikum. Jana tulitoka nje ya mada. Mpaka sasa waliotuma ni mmoja, Nasra, 2,000, Allah ambariki. Wengine mwangojea nini

Mwana 09:12
🎤 Sauti (2:41)

Mwana 09:13
Ni Bibi. Amesomewa zote, alinishika mkono nisiruke hata moja

Ami Athmani 09:20
SINA BANDO YA KUFUNGUA SAUTI

Mwana 09:38
Ngoja niandike Ami. Amesema hivi, nimeandika alivyosema:

"Rukia, mimi sijamwita mtu kuja kunilinda. Macho ni yangu na nyumba hii naijua gizani kuliko nyinyi mchana. Swabra si kijakazi wangu, ni mke wa mtu, na mtu hahamishwi kwa simu kama kabati. Babu yenu alikuwa baharia, aliniaga kwenda Bombay akasema mwezi, nikamuona mwaka wa pili na Athmani keshaota meno, hakunijua wala mimi sikumjua vizuri. Kwa hivyo msinieleze mimi habari ya kuachwa. Asitoe mtu hata ndururu mpaka Salim aje na mkewe wakae hapa kitandani kwangu, aseme kwa mdomo wake atawaita lini, na kama hajui aseme hajui, si aibu kutojua, aibu ni kusema miezi mitatu. Na bangili zangu Mwanajuma uziache. Zilikuwa mkononi kwangu si kwako. Niliyempa nilimjua."

Mwana 09:39
Halafu ameuliza kama huko kuna misikiti na kibla wanaelekea wapi

(ujumbe umesomwa na 23)

Ami Athmani 10:31
nimesikia ma

Mbarak 10:33
Ami herufi ndogo umepata wapi

Mbarak 10:33
Samahani

Shangazi Mwanajuma 10:50
Sawa Ma.

Salim 11:15
Mwana mwambie Bibi shikamoo. Misikiti ipo mingi, Waislamu kule wapo sana hasa Wamalei, na ule wa zamani kabisa ulijengwa 1820 na Mhadhrami, Mwarabu wa asili ya Hadhramaut Yemen, Syed Omar Aljunied, mpaka leo kuna stesheni ya treni yaitwa Aljunied. Mwambie ni Wahadhrami kama wale wa hapa kwetu Guraya, walipanda jahazi jingine tu. Kibla sisi hapa Mombasa twaelekea kaskazini moja kwa moja, kule ni magharibi imepinda kidogo kaskazini

Mwana 11:29
Nimemwambia. Amesema nimeuliza mambo mawili amejibu la msikiti haraka sana

Da Rukia 11:45
Basi neno la Bibi limepita, hakuna wa kulivuka. Kesho Jumatano baada ya Isha Salim na Swabra kwa Bibi. Mimi pia nitakuwepo

Salim 11:52
Kesho niko shifti ya usiku Da. Alhamisi naweza

Swabra 12:30
Alhamisi niko Likoni kwa mama, watoto wana kikohozi nimeshamuahidi

Da Rukia 12:31
Swabra mama tunajaribu kusaidia

Swabra 12:40
Najua Da Rukia, sina ubaya na mtu, Bibi nampenda na kama angeniomba yeye ningekuja hata leo na godoro langu kichwani. Lakini nimejua habari ya nyumba yangu kwenye kikundi chenye watu ishirini na wengine siwajui sura. Na mjue kitu kimoja, kule ni saa tano mbele yetu. Bibi akimaliza Isha atake kusikia sauti ya mjukuu wake, kule ni saa saba usiku na mtu ana shifti alfajiri. Mimi nimeshapiga hesabu zangu. Sasa nangoja za Salim

Salim 12:58
Swabra nakuja mchana huu

Nasra 13:02
Kabla ya kwenda popote pitia uchanje. Nimeongea na dada wa pale kliniki, chanjo ipo leo, kesho hajui

Kassim 14:20
Asalaam aleikum wote. Mimi sijaandika hapa tangu mwaka ule na nilikuwa nimekusudia nisiandike lakini Bibi amesema alivyosema na mimi siwezi kunyamaza kabisa, ile pesa ajenti alichukua yote, nilifika nikakuta kazi ni nyingine na mshahara ni mwingine na pasi yangu wameikamata, sikula hata senti ya bangili Shangazi, begi lilirudi lile lile kwa sababu sikununua kitu hata shuka, na aliyenilipia tiketi ya kurudi ni baba kwa akiba yake ya kustaafu na akaniambia nisimwambie mtu. Sasa nimesema. Salim ile barua yako nitumie mimi kabla ya wote, nataka kuona kama jina la kazi kwenye barua na kwenye mkataba ni moja, na mshahara ni ule ule kwenye karatasi zote mbili, hapo ndo wanapochezea watu. Na pasi usimwachie mtu yeyote hata akisema ni utaratibu wa ofisi

Salim 14:41
Nakutumia sasa hivi kaka

Ami Athmani 14:55
KASSIM TULIKUBALIANA

Kassim 14:56
Najua baba

Shangazi Mwanajuma 15:30
Athmani mbona hukuniambia

Shangazi Mwanajuma 15:44
Athmani

Da Rukia 17:05
Jamani mambo ya Athmani na Shangazi wapigiane. Nimeingiziwa 5,000 sasa hivi na jina ni la Kassim. Bibi amesema mtu asitoe. Niirudishe ama nikae nayo?

Da Rukia 17:40
Nauliza swali

Mbarak 17:48
Kaa nayo, ukirudisha kuna makato

Nasra 18:10
Salim? Kadi?

Salim 18:33
Nimechanja. Mkono unauma. Swabra amekubali Ijumaa kwa Bibi, baada ya swala, mimi na yeye tu

Da Rukia 18:35
Na mimi

Salim 18:36
Da Rukia mimi na yeye tu

Da Rukia 18:50
Sawa. Kwa hivyo dua ile ya 21 ipo ama haipo? Kwa sababu mbuzi lazima nimwambie mtu wa Kongowea mapema, na Ami ulisema 21 una harusi Likoni lakini sijui kama ulimaanisha

Ami Athmani 19:04
HARUSI NI TAREHE 22. NADHANI. NITAULIZA

Mwana 19:20
Bibi anasema mbuzi asiagizwe mpaka Ijumaa ipite

Da Rukia 19:22
Basi angalau tuseme sufuria. Lile kubwa liko kwa Shangazi lakini mara ya mwisho lilikuwa na tundu

Shangazi Mwanajuma 19:41
Lilizibwa