Miche 300 ilikufa wakati wa likizo: tuanze na mradi gani wa mazingira chuoni?

Binti_Kisauni aliuliza:

Assalaam aleikum na salamu kwa wote. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja hapa Mombasa, na mwaka huu nimechaguliwa kuwa katibu wa chama chetu cha mazingira. Kuna jambo linaniuma, na ningependa ushauri wa watu waliowahi kuifanya kazi hii kwa mikono yao.

Mwaka jana, mwezi wa Mei, tulipanda miche 300 nyuma ya mabweni. Wageni walikuja, wakuu wa chuo wakashika majembe, picha zikapigwa, na kila mwanafunzi aliyeshiriki akapewa mche wake wenye kibao cha jina. Mvua za masika zikakatika, mitihani ikaingia, chuo kikafungwa tukaenda makwetu. Niliporudi mwezi wa Septemba nilipita pale begi likiwa bado mgongoni, nikakuta vijiti vikavu vimesimama katika mashimo yaliyopasuka, na kwenye kijiti kimoja kibao chenye jina langu kingali kinaning'inia. Nilihesabu miche iliyokuwa na majani mabichi nikapata 11 tu, na yote ilikuwa imepangana ukutani chini ya mirija ya viyoyozi inayodondosha maji.

Sasa tumepewa fungu dogo la fedha kwa mwaka huu, na wanachama wamegawanyika. Wapo wanaotaka tupande miti tena, wapo wanaotaka paneli za jua juu ya maktaba, wengine wanataka matangi ya maji ya mvua, na wachache, nikiwemo mimi, tunafikiria kutenganisha taka za mkahawani. Je, ni lipi la kuanza nalo, na tufanye nini ili Septemba ijayo nisihesabu tena vijiti?

Fundi_Magongo alijibu:

Wa aleikum salaam, dada. Mimi ni fundi wa umeme na nimefunga paneli katika majengo kadhaa ya pwani, kwa hiyo nitasema juu ya jua peke yake.

Umeme wa jua unafaa sana kwa chuo, kwa sababu matumizi makubwa ya chuo, yaani maabara za kompyuta, ofisi na viyoyozi, ni ya mchana, na wakati huo ndio paneli zinazalisha. Mkiutumia papo hapo hamhitaji betri nyingi, nazo betri ndizo zinazokula fedha na kuharibika mapema. Jambo hili limekwisha kuthibitishwa nchini: Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kilifunga mtambo wa kilowati 600 juu ya mapaa yake mwaka 2014. Lakini mtambo kama huo ni uamuzi wa baraza la chuo, na fedha za chama cha wanafunzi haziwezi kuubeba.

Hapa kwetu pana mambo mawili zaidi. Kwanza, paneli hupenda mwanga lakini joto huipunguzia nguvu: kila nyuzi moja ya joto inayozidi 25 kwenye paneli yenyewe hupunguza takriban asilimia 0.4 ya uzalishaji, na paneli iliyolala juu ya bati la Mombasa saa saba mchana huweza kufika nyuzi 60. Ndiyo maana ni lazima iinuliwe ili upepo upite chini yake. Pili, upepo wa chumvi hula chuma. Nimewahi kuitwa kwenye jengo moja karibu na bahari ambako vyuma vya kushikilia paneli vilikuwa vimeoza ilhali paneli zenyewe bado ni nzima, kwa sababu aliyezifunga alitumia chuma cha kawaida badala ya alumini, na hakuna aliyepanda juu kukagua tangu siku ya uzinduzi.

Kwa fungu dogo, ningewashauri mwombe ruhusa ya kusoma mita ya umeme ya jengo moja kila asubuhi na kila jioni kwa muhula mzima. Mtajua umeme unaotumika usiku wakati jengo ni tupu. Takwimu hizo mtazihitaji siku mtakapopeleka ombi la paneli, na hazigharimu chochote isipokuwa daftari na mtu mwaminifu.

Kijana_Jomvu alijibu:

Kwa nini msiende kupanda mikoko kule kwenye hori? Maji yapo saa zote, kwa hiyo hakuna haja ya kumwagilia, na siku moja ya kazi inatosha.

Mzee_Bustani alijibu:

Binti yangu, nimeyasoma maneno yako mara mbili. Nimefanya kazi ya bustani kwa miaka 31, mingi kati yake katika uwanja wa taasisi ya elimu ambayo sitaitaja, na nimepandishwa miche na vyama vingi vya wanafunzi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Niruhusu nikuulize swali moja kabla ya kukushauri: siku ile ya kupanda, mtunza bustani wa chuo chenu alikuwa wapi? Mimi siku kama hizo nilikuwa nikitumwa kuchimba mashimo usiku wa kuamkia shughuli, kisha wageni wanapofika naambiwa nikae pembeni. Hakuna aliyeniuliza udongo wa pale ukoje wala maji yatatoka wapi. Wanafunzi wakiondoka, mimi ndiye ninayebaki na miche 300 na mpira wa maji usiofika.

Udongo ndio mwanzo wa yote. Sehemu kubwa ya mji wetu imekaa juu ya jiwe la matumbawe, na juu yake pana udongo mchache unaopitisha maji kama chekeche. Ukichimba shimo la futi moja ukaweka mche, umeupanda ndani ya bakuli la mawe. Watu wa hapa tuna mfano mkubwa karibu nasi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda miti katika machimbo yaliyoachwa ya kiwanda cha saruji pale Bamburi, mahali palipokuwa peupe kama sahani, hapana hata jani. Alijaribu aina 26 za miti, na zilizostahimili ni tatu tu: mvinje, mnazi, na Conocarpus, mti unaotoka upande wa Somalia. Mvinje ulistawi kwa kuwa mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyokamata naitrojeni ya hewani. Hata hivyo majani yake yalianguka yakarundikana bila kuoza, na pasipo kuoza hapana udongo. Kilichofungua njia ni jongoo. Alileta jongoo, wakala yale majani makavu, kinyesi chao kikawa udongo, na juu ya udongo huo ndipo miti mingine ikaweza kupandwa. Leo pale ni msitu wenye viboko na twiga, na watoto wa shule huenda kutembea.

Nimekueleza haya kwa sababu unasema wewe na wachache mnafikiria taka za mkahawani, na nadhani hamjaona kwamba hizo taka na ile miche ni kazi moja. Mkahawa wa chuo hutoa maganda ya viazi, maganda ya ndizi, machicha ya nazi na mabaki ya ugali na wali kila siku. Uwanja hutoa majani makavu ya mwarobaini na mkungu, ambayo kila asubuhi hufagiwa na kuchomwa moto, jambo linalonisikitisha hadi leo. Weka vikapu vitatu vya vitu vikavu kwa kikapu kimoja cha vitu vibichi, tabaka juu ya tabaka, mpaka rundo lifike kiunoni. Makumbi yaliyokatwakatwa yanafaa sana kwa kuwa hushika unyevu. Juu kabisa funika kwa majani makavu mengi, la sivyo kunguru watalitawanya rundo lote kabla ya adhuhuri na panya watamalizia usiku. Samaki na nyama msitie mpaka mtakapoizoea kazi.

Chomeka ufito wa chuma katikati ya rundo. Baada ya siku nne uchomoe uushike kwa kiganja. Ukiwa wa moto kiasi cha kukufanya uuachie, rundo linapika vizuri. Ukiwa baridi na rundo linanuka, maji yamezidi, basi ongeza vikavu ugeuze. Kwa joto letu, ukigeuza kila baada ya wiki mbili, kwa miezi mitatu hivi utapata mboji nyeusi inayonuka kama ardhi baada ya mvua. Shimo la mti lichimbwe upana wa mkono mzima na lijazwe hiyo mboji, kisha mche upandwe mwanzoni mwa masika, wakati mvua ndiyo kwanza zinaanza, na si mwezi wa Mei zinapokaribia kukatika.

Na ile miche 11 uliyoiona chini ya viyoyozi imekuonyesha jambo ambalo hata mimi nilichelewa kulitambua. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na kiyoyozi kinachofanya kazi mchana kutwa hujaza ndoo. Maji hayo hayafai kunywa, lakini hayana chumvi, tofauti na visima vingi vya mjini. Yakingeni. Pandeni miti mingi kadiri ya maji mnayoweza kuyahakikisha wakati wa likizo, hata kama ni 20, na msipande wa 21.

Mwalimu_wa_Pwani alijibu:

Mzee, shikamoo, na ahsante kwa maelezo yaliyotoka kwenye kazi yenyewe. Nitaongeza juu ya matangi na mikoko.

Ndugu wa Jomvu amesema kwa nia njema, lakini mikoko haipandwi popote penye tope. Kila aina ina mahali pake kulingana na jinsi maji yanavyokupwa na kujaa: mlilana hukaa mbele ukitazama bahari, mkoko wenyewe hukaa nyuma yake, mkandaa huingia ndani zaidi upande wa nchi kavu, na mchu huonekana pande zote mbili. Wageni wakija kwa siku moja, mara nyingi hubeba mbegu za mkoko tu kwa sababu ni ndefu na rahisi kuchomeka, wakazipanda kwenye ukanda wa mlilana, na mawimbi huzing'oa. Wanaotaka kujifunza waende Gazi, Kaunti ya Kwale, ambako mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza haki za kaboni, yaani hati za hewa ukaa inayonyonywa na miti, tangu mwaka 2013 kutokana na hekta 117 za mikoko, na mapato yakatumika kwa maji na shule za kijiji. Pale wanaolinda miti ni wanakijiji wenyewe.

Kuhusu matangi, hesabu ni nyepesi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 300, ukitoa sehemu ya tano inayopotea, hukupa lita 240 kwa kila milimita. Mombasa hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka, kwa hiyo paa hilo moja linaweza kutoa lita 240,000. Tatizo ni kwamba mvua hizo huja kwa mafungu. Tangi la lita 10,000 litajaa kwa milimita 42, jambo linaloweza kutokea kwa usiku mmoja wa Mei, na yote yatakayofuata yatamwagika. Kisha bweni la watu 200 likiyatumia maji hayo vyooni, yatakwisha kwa siku moja au mbili. Kwa kitalu cha miche na mboji, tangi hilo hilo litadumu miezi. Kwa hiyo tangi liwekwe karibu na bustani, na maji ya mwanzo ya kila mvua yageuzwe kando, kwa kuwa mapaa yetu yamejaa kinyesi cha kunguru.

Jambo la mwisho ni la kisheria. Sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na nyingine pale zinapozalishwa. Mkiwaandikia wakuu wa chuo, anzeni na hilo, kwa sababu hapo mtakuwa mnawasaidia kutimiza wajibu ambao tayari ni wao.

Binti_Kisauni aliandika tena:

Mzee, shikamoo. Mwalimu, shikamoo. Ndugu zangu wote, Mungu awalipe kheri.

Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kwanza kufanya kitu. Wiki iliyopita tuliazima mizani ya muuza samaki mmoja jirani na lango, tukapima mabaki ya mkahawa kila siku baada ya chakula cha mchana. Siku ya pilau ndoo zilirudi karibu tupu. Siku ya ugali na maharage tulijaza ndoo nne na bado sufuria ilibaki. Mpishi mkuu, aliyekuwa akitutazama kwa wasiwasi siku ya kwanza, siku ya tatu alituletea mwenyewe machicha ya nazi katika gunia akauliza kama hayo pia tunayapima.

Jana nilikwenda kumtafuta mtunza bustani. Nilimkuta nyuma ya stoo akifagia majani ya mkungu kuyapeleka kwenye moto. Nilimwomba radhi kwa ajili ya mwaka jana, kwa kuwa ni kweli, Mzee, hatukumwita. Alinionyesha ile miche 11, ambayo sasa inanifika begani, na akaniambia kwamba mirija ya viyoyozi ilikuwa ikimwaga maji mtaroni, na ni yeye aliyeigeuza kwa vipande vya waya ielekee kwenye miche aliyoweza kuiokoa. Mimi nilidhani ni bahati.

Tumekubaliana naye kwamba rundo la kwanza litakuwa pale alipokuwa akichomea majani, na kwamba fedha zetu zitanunua mapipa ya mkahawani, tangi moja, gata za paa la stoo na mpira mrefu wa maji. Paneli tutaziacha, lakini wanachama wawili wameanza kusoma mita ya maktaba. Ninachotaka kumuuliza Mzee sasa ni hiki: chuo hufungwa kwa wiki sita na mkahawa pia hufungwa, kwa hiyo vibichi vitakosekana. Rundo liachwe lilivyo na kufunikwa, au tutafute maganda kutoka kwa wauza matunda wa sokoni ili lisipoe?