"Hebu piga vidoko kidogo wageni wasikie": babu yangu kaitwa kwenye kikao kuja kuambiwa hivi

Wakuu habari, nipo stendi saivi nasubiri gari, mikono bado inatetemeka, mtanisamehe uandishi.

Yule bosi mnamjua. Sina haja ya kumtaja, kila mtu wa ukanda huu wa Ziwa Eyasi nikisema yule wa shangingi jeupe ambaye tumbo linaingia ukumbini dakika tano kabla yake anajua namsema nani.

Leo kulikuwa na kikao cha uratibu wa huduma kwa jamii ya Wahadzabe. Babu yangu mzaa mama, mzee wa karibu miaka 80, kaitwa na waandaaji wenyewe kwa barua yenye mhuri, katembea, kalala njiani, kafika saa moja asubuhi. Kikao kimeanza saa saba. Jana usiku tumekaa naye tukapanga atakachosema, mambo matatu tu: kisima kilichokufa, watoto wanaougua wakiwa upande wa pili wa mpaka, na majina yanayofutwa kwenye orodha. Kayarudia mpaka kayashika kama sala. Wakamwita, kasimama, kavua kofia, kafungua mdomo, na yule bosi akamkatisha.

"Mzee, kabla hujaendelea, hebu piga vidoko kidogo wageni wasikie."

Ukumbi mzima kicheko, simu zikatoka mifukoni. Vidoko jamani, zile sauti za kugonga ulimi za lugha yetu! Mzee wa miaka 80 kama kasuku wa maonyesho!

Babu akaangalia watu, akavaa kofia yake, akakaa. Hakusema kisima wala watoto wala majina. Mshereheshaji akasema tumpigie makofi mzee wetu, tukaenda ajenda inayofuata, ambayo ilikuwa chakula.

Kwa msiojua, sisi Wahadzabe wote tukikusanywa tunazidi elfu moja kidogo tu, shule moja ya kata inatutosha, lakini tumegawanywa mikoa minne. Wapo wa Karatu huko Arusha, wa Mbulu mkoa wa Manyara, wa Meatu mkoa wa Simiyu na wa Mkalama mkoa wa Singida. Na hatujahama, mipaka ndo imehama. Mbulu ilikuwa Arusha, 2002 ikakatwa Manyara, ndugu zetu wa Meatu walilala Shinyanga 2012 wakaamka Simiyu, wa Munguli walikuwa Iramba saivi ni Mkalama. Wakati huo babu anachimba mizizi ileile kwenye korongo lilelile. Sisi wengine bado tunaishi kwa kufuata asali na matunda, na yule ndege anayeonyesha asali hakuulizi wewe wa mkoa gani, ukimfuata asubuhi mchana umeshavuka.

Sasa ukivuka ndo shida inaanza. Shangazi yangu kaandikwa kwenye mpango wa kaya maskini upande mmoja, siku ya malipo alikuwa upande wa pili wa korongo akichuma kongolobi, yale matunda madogo ya porini, jina likafutwa, kule alikokuwa wakamwambia huyu si wetu, rudi kwenu. Mtoto wake kaugua homa zahanati wanauliza kadi ya wapi. Fomu ya kitambulisho inauliza kijiji, kitongoji na mwaka wa kuzaliwa, yeye anajua alizaliwa msimu wa ubuyu mwingi. Kila ofisi inaratibu lakini hakuna anayemratibu shangazi. Hicho ndo babu alikuwa amekuja kusema, KWA KISWAHILI, maana anakijua, na Kidatoga anakijua, na Kiiraqw anasikia, halafu mtu wa lugha moja na nusu anamwambia piga vidoko!

Na msije mkaniambia hatujui kukaa na serikali. 2011 jamii yetu ya Yaeda, huko Mbulu, ilipata hati ya kimila ya pamoja ya ardhi kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Wazee haohao walikaa vikao, wakapima mipaka, wakaelewana na wafugaji na wakulima, hakuna aliyeombwa kutoa sauti ya mdomoni kwanza ndo asikilizwe.

Tarehe 13 Septemba 2007 Tanzania ilipiga kura ya ndiyo Umoja wa Mataifa kwenye lile Azimio la Haki za Watu wa Asili. Hapa nyumbani tunaambiwa Watanzania wote ni wa asili, hakuna wa asili zaidi ya mwenzake. Sawa. Sasa kama wote ni wa asili, mbona meza ya mbele hakuna hata mmoja aliyeambiwa asimame atoe sauti za kwao wageni wasikie?

Piga vidoko kidogo. Kidogo! Yani hata hicho alichokiomba alikipimia.

—

Mjukuu wa Haydom: Nilikuwepo mkuu, meza ya nyuma. Umesahau, kuna mgeni aliuliza kama mzee anaweza kurudia kuvua kofia maana picha haikutoka vizuri.

Mleta uzi: Sijasahau, nimeshindwa kuiandika.

Kisu Butu: Uzi mrefu kama barabara ya Singida. Wewe mwenyewe ulikuwa unafanya nini hapo, unaangalia viatu?

Mleta uzi: Nilisimama mkuu. Nikaambiwa nizingatie itifaki, zamu ya vijana bado. Mpaka kikao kinafungwa hiyo zamu haijafika.

Bi Mkubwa wa Katesh: Pole mwanangu. Mpelekee babu maji ya kunywa kwanza, hayo mengine tutayasema.

Ng'wana Misungwi: Acheni kulialia. Sisi Wasukuma kila mwenge ukipita tunabebeshwa chatu tucheze juani na hatuanzishi uzi. Kupiga sauti mbili tatu kungempunguzia nini?

Mjukuu wa Haydom: Chatu mnalipwa. Na hamkuitwa kuja kueleza kisima.

Ng'wana Misungwi: Tunalipwa soda ya moto, unaita malipo hayo??

Kipkoros: Buda, mimi ni Mkenya, hiyo yenu ni afadhali mliitwa. Waogiek, jamii ya asili ya msitu wa Mau, walishinda kesi hapo kwenu Arusha, Mahakama ya Afrika, 26 Mei 2017. 23 Juni 2022 korti ikasema walipwe shilingi milioni 157.85 za Kenya na warudishiwe ardhi ya mababu. Novemba 2023 wakabomolewa nyumba Sasimwani, watoto wakalala nje kwa mvua. Hukumu iko mkononi na nyumba haiko.

Kisu Butu: Mkenya fungua uzi wako.

Kipkoros: Nilifungua, mkaujaza stori za mpira.

Laigwanan Junior: Wote mnaongea vitu vidogo. Sisi watu wa Ngorongoro tangu 2022 watu wanapakiwa kwenye malori na ng'ombe wao kwenda Msomera, Handeni, unaambiwa ni hiari huku huduma ulikotoka zinapungua kila mwezi. Bora kuombwa vidoko kuliko kuombwa uondoke.

Mleta uzi: Ndugu yangu nakuelewa, lakini leo ni ya babu. Kasimama, kavua kofia, KABLA hajasema neno moja anaambiwa...

Kisu Butu: Tumeshasoma mkuu, piga vidoko. Umeandika mara kumi.

Mleta uzi: Na nitaandika ya kumi na moja. Alimwambia piga vidoko.

Lumbesa Haikubaliki: Samahani nje ya mada kidogo, kuna mtu wa Mang'ola humu? Vitunguu shambani vinaendaje wiki hii?

Mama Ntilie Makuyuni: Usithubutu kwenda saivi, madalali wamejaa wanajaza gunia mpaka linaota kichwa halafu wanaliita gunia moja.

Ng'wana Misungwi: Hiyo lumbesa ilipigwa marufuku, mizani si ipo?

Lumbesa Haikubaliki: Mizani ipo ofisini imefunikwa kitambaa. Mi mwaka jana nimepoteza mtaji mzima kwa hayo magunia ya kuota vichwa, nina hasira kuliko huyu wa vidoko.

Mama Ntilie Makuyuni: Anzisha uzi tuje.

Mleta uzi: Wakuu gari limefika. Babu kakaa dirishani, tangu tutoke ukumbini hajaongea. Karatasi ya mambo matatu bado ipo mfukoni kwangu.

Lumbesa Haikubaliki: Safari njema mkuu. Kama gari linapitia Karatu niulizie bei ya gunia, lile la kushonwa siyo la kichwa.