Mzee wa klabu yetu ya shabaha na "Kalewa" ya baba yake: naomba msaada kabla ya arobaini

KatibuShabaha_TBR

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni katibu wa klabu ya kulenga shabaha hapa Tabora mjini. Klabu ni ndogo: bunduki nne za upepo, vibao vya mita 10, na watu kumi na ushee wanaokuja Jumamosi baada ya saa tisa, jua likishapungua ukali.

Mwezi uliopita tumeondokewa na mzee wetu, mwanachama mkongwe kuliko wote, mstaafu wa reli. Kwa wanaotufuatilia: mashindano ya robo mwaka tumeyaahirisha, kingo ya udongo nyuma ya vibao iliyobomolewa na mvua haijainuliwa, na silaha yake mwenyewe ya uwindaji tuliipeleka polisi pamoja na mwanawe siku ya tatu baada ya mazishi. Kiti chake kipo palepale chini ya mwembe. Hakuna anayekikalia.

Huyu mzee ndiye aliyenifundisha. Mwaka wangu wa kwanza sikupewa risasi hata moja kwa wiki tatu. Nilipewa bunduki tupu na ile senti kumi ya zamani ya Afrika Mashariki, yenye tundu katikati. Anailaza juu ya mtutu karibu na mdomo, kisha ananiambia fyatua. Ikianguka, naanza upya. Mnajua kwamba kwenye kibao cha bunduki ya upepo ile alama ya kumi, ya juu kabisa, ni kitone cha nusu milimita tu, macho hayakipati ukiwa umesimama kwenye mstari. Mzee, na miwani yake mizito, alikuwa anakitoboa, halafu anashusha bunduki taratibu kama mtu anayemlaza mtoto.

Nilimuuliza nani alimfundisha hivyo. Akasema, "Baba. Na yeye alifundishwa Keya, kabla hajavuka Kalewa." Keya ni King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza la Afrika Mashariki.

Hapo ndipo penye swali langu. Arobaini ni Jumamosi ya wiki ijayo, na familia imeniomba niseme maneno machache kuhusu mzee na alikotoka. Wanawe wanasema babu yao alikuwa mlinzi wa kambi ya Kalewa, hapahapa Tabora, basi. Lakini ndani ya sanduku la bati la mzee tumekuta vitu vitatu: nyota ya shaba yenye pembe sita, haina jina la mtu, kipande cha kitambaa chenye picha ya kichwa cha kifaru, na picha ya askari kijana mwenye kofia ya ukingo mpana. Binamu mmoja anasema nyota ile ilinunuliwa mnadani, kwa sababu medali ya kweli huandikwa jina. Dalali mmoja ameshafika na laki mbili mkononi.

Mimi kinachonisumbua ni neno moja. Mzee hakusema baba yake *alikaa* Kalewa. Alisema *alivuka*. Kila mara alisema hivyo. Kambi inavukwaje?

MstaafuJW

Pole sana katibu, na uwafikishie wafiwa pole yangu. Nimetumikia jeshi miaka mingi, ninaishi Ipuli, na swali lako limenikalisha kitako.

Kalewa si jina la Kinyamwezi wala la hapa kwetu. Kalewa ni mji huko Burma, siku hizi Myanmar, penye mto Chindwin. Kambi ya Tabora ndiyo iliyopewa jina la mji ule, si vinginevyo. Wakoloni walikuwa na desturi ya kuziita kambi za Keya kwa majina ya mahali askari wetu walikopigana. Dar es Salaam kulikuwa na Colito, nayo ni mahali Ethiopia walipopigana na Waitaliano Mei 1941. Colito sasa ni Lugalo. Kambi ya Tabora ikawa Kalewa. Baada ya Uhuru, batalioni ya 26 ya Keya iligeuka kuwa batalioni ya pili ya Tanganyika Rifles, ikakaa hapo Kalewa mpaka maasi ya Januari 1964. JWTZ ikaundwa Septemba mwaka huohuo, na majina yale yakafutika vinywani mwa watu. Ndiyo maana vijana wenu wakisikia Kalewa wanafikiria geti na mlinzi.

Sasa, hiyo ya kuvuka. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliwafuata Wajapani bonde la Kabaw lote, masika ya huko yakiwanyeshea, kutoka mji wa Tamu kwenda kusini. Bonde lenyewe ni malaria na homa ya utitiri wa porini. Barabara ilikuwa tope, chakula na risasi vikidondoshwa na ndege. Ndani ya divisheni ile kulikuwa na batalioni mbili za Tanganyika, ya 26 na ya 36. Walifika Kalewa mwanzoni mwa Desemba 1944, wakavuka Chindwin. Tarehe 10 Desemba wahandisi wakamaliza daraja la vyuma la kuunganisha vipande, mita 350 na kidogo, refu kuliko yote ya aina yake duniani wakati ule.

Alama ya Divisheni ya 11 ilikuwa kifaru. Kichwa cha kifaru, begani.

Mzee wenu alisema sawasawa. Baba yake alivuka Kalewa.

BintiUjiji

Shikamoo MstaafuJW. Katibu, poleni sana.

Nimesoma huku moyo unanienda mbio. Mimi ni wa Ujiji, na babu mzaa mama naye alikwenda Burma. Kuhusu medali kutokuwa na jina, mwambie huyo binamu atulie. Zile nyota za vita ya pili askari wa Kiingereza na wa Keya walipewa bila kuandikwa jina. Medali za vita ya kwanza ndizo zilizochongwa jina ukingoni, ndipo watu wanapochanganya. Nyota ya babu yangu haina hata herufi moja yake. Itazame ya kwenu: katikati kuna taji na herufi za mfalme, na maandishi ya kuzunguka yanasomeka Burma Star. Utepe ukiwa bado upo, ni buluu iliyoiva, katikati nyekundu, na mistari miembamba ya rangi ya chungwa.

Angalia pia kama kuna ya mviringo, ya rangi ya fedha, yenye simba amesimama juu ya joka la vichwa viwili. Mara nyingi hutembea pamoja. Yetu bibi alikuwa akiisugua kwa majivu kila Idi mpaka simba akabaki kivuli.

Na hilo daraja, ili uelewe ukubwa wake: Daraja la Kikwete pale Malagarasi, ambalo sisi wa Kigoma tulilisubiri maisha yote, lina mita 275. Wale walijenga refu kuliko hilo, vitani.

Tafadhali isiuzwe. Laki mbili zinaisha mwezi mmoja.

Mdadisi77

Nauliza si kwa ubaya, maana nimezikwa na hadithi za mababu mashujaa. Kitambaa na nyota vinaweza kuokotwa. Labda kweli alikuwa mlinzi wa kambi, akapewa vitu hivyo na askari aliyerudi. Katibu atasimama mbele ya watu na masheikh. Ana uhakika?

MstaafuJW

Mdadisi, swali la haki. Nyota ile ilitolewa kwa aliyehudumu eneo la vita la Burma kati ya Desemba 1941 na Septemba 1945. Mlinzi wa geti Tabora hapewi. Kama ilikuwa ya mtu mwingine, basi aliyeitoa alitoa pia bega la sare yake, jambo ambalo askari halitendi kirahisi. Lakini nakubali, vitu peke yake havitoshi. Katibu, kuna mzee yeyote aliyebaki? Dada wa marehemu? Usimuulize "baba alipigana wapi", ukimuuliza hivyo atakupa jibu unalolitaka. Muulize alikula nini huko, na aliumwa nini.

Kuhusu kumbukumbu: Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya waliokufa tu, kwa hiyo aliyerudi hai usimtafute humo. Kitabu cha kila siku cha batalioni kipo hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, lakini humo maofisa wanaandikwa kwa majina na askari wetu kwa hesabu: waliouawa watatu, waliojeruhiwa saba. Inaniuma hadi leo. Cha kutafuta nyumbani ni cheti cha kuachishwa jeshi, chenye namba yake. Wazee waliviweka ndani ya Msahafu, au chini ya godoro.

KatibuShabaha_TBR

Wakuu, nimerudi. Jana nilikwenda Isevya kwa dada yake marehemu, shangazi wa hao vijana. Ana miaka themanini na kitu, macho hayaoni vizuri ila kumbukumbu ni mbichi. Nilifuata maelekezo ya MstaafuJW. Niliuliza baba alikula nini.

Akacheka kwanza. Akasema baba hakuweza kula nyama ya kopo maisha yake yote, ikifunguliwa anatoka nje. Kisha akasema, bila mimi kumtajia neno, kwamba huko chakula "kilikuwa kinaanguka kutoka juu", na kwamba gunia moja la mchele lilimuua mwenzao waliyetoka naye Sikonge, lilimwangukia. Akasema walilazimishwa kumeza vidonge vya manjano vichungu, mmoja kila siku, mkubwa wao amesimama mbele yao mpaka wameze.

Nikauliza habari za mto. Akanyamaza kidogo. Akasema baba alikuwa akivuka mto wowote kwa miguu, hata kijito cha Igombe wakati wa kiangazi, lazima asimame katikati, ahesabu kwa sauti ya chini, ndipo aendelee. Walipokuwa watoto walidhani anaomba dua. Siku moja kaka yake, huyu mzee wetu, aliuliza unahesabu nini. Baba akasema, "Wenzangu."

Mdadisi, sijui kama hili linakutosha. Mimi limenitosha.

Nyota ina maandishi aliyoyataja BintiUjiji. Utepe umebaki nyuzi, lakini rangi ya chungwa ipo. Simba na joka havikupatikana, wala cheti. Dalali ameondoka mikono mitupu. Mwanawe mkubwa ndiye aliyemfukuza, baada ya kusoma uzi huu kwenye simu yangu. Alinirudishia simu akaenda kukaa peke yake uani.

Mdadisi77

Limenitosha. Mungu amrehemu, na baba yake.

BintiUjiji

Katibu, nimemsomea mama maneno ya huyo shangazi. Amelia. Naomba ukienda tena umuulize kama babu aliwahi kumtaja mtu wa Ujiji.

KatibuShabaha_TBR

Nitamuuliza shangazi, dada yangu, nimekuahidi, na nitaandika hapahapa.

Mpango wa Jumamosi ni huu: kisomo asubuhi nyumbani, halafu saa kumi tunakwenda uwanjani. Vijana watainua kingo ya udongo Ijumaa. Sitasema babu alikuwa shujaa, kwa sababu sijui alifanya nini vitani. Nitasema alikuwa askari wa Keya, alifika Burma, alivuka mto Chindwin pale Kalewa Desemba 1944 na wenzake wa Tanganyika, alirudi Tabora, na alimfundisha mwanawe kutuliza mkono. Kisha wajukuu wake watatu, ambao hawajawahi kushika bunduki, watasimama mstarini na bunduki tupu, nami nitailaza ile senti kumi juu ya mtutu. Mzee aliniachia.