Mjadala: Anayeanza kuchangia programu huria hapa Tanga afundishwe kiraka cha aina gani?

Hoja iliyo mezani: kiraka ni mabadiliko ya msimbo unayopendekeza kwa mradi; je, mafunzo ya vijana yaanze na faili la `git format-patch` (amri ya Git, programu inayotunza historia ya msimbo), au na ombi la kuunganisha, yaani kupendekeza mabadiliko kwenye tovuti za GitHub na GitLab?

Wa Ngamiani: Faili kwanza. Tena si `git diff > kiraka.diff`, maana hiyo hubeba mistari tu. `git format-patch -1` hutoa faili lenye jina lako, tarehe, maelezo ya komiti (badiliko lililohifadhiwa kwenye historia ya mradi) na mabadiliko yenyewe. Msimamizi wa mradi akilipokea kwa `git am`, amri ya kuingiza kiraka, komiti inaingia kwa jina lako. Na bando likiisha, unalibeba kwa flashi.

Wa Chumbageni: Kaka, faili nalikubali, hilo la "kwanza" silikubali. Mwanafunzi anabandika kiraka kwenye barua pepe, programu ya barua inakata mistari mirefu na kugeuza tabo kuwa nafasi, kisha `git am` inagoma. Kosa si lake, lakini anakata tamaa siku hiyo hiyo. Ombi la kuunganisha halina balaa hilo, na mradi wenye majaribio ya kujiendesha humwonyesha kosa kabla mtu hajamsoma.

Wa Ngamiani: Dawa yake ni `git send-email`, amri ya Git ya kutuma kiraka kwa barua pepe; haikati mistari. Na mbona tunamficha mwanafunzi milango mikubwa? Linux hupokea viraka kwa barua ya maandishi matupu, kiraka kikiwa ndani ya barua, chenye mstari wa Signed-off-by wa kuthibitisha kwamba una haki ya kukitoa (`git commit -s`), kikiwa kimepitishwa kwenye `scripts/checkpatch.pl`, skripti ya kukagua mtindo. Mradi wa hifadhidata wa PostgreSQL nao hutumia barua, ila wao hupokea kiambatisho. Asiyejua faili hafiki huko.

Wa Raskazone: Samahanini, nyote mmesahau wafasiri. Faili la `sw.po`, lenye tafsiri za Kiswahili za programu, lina mstari wa PO-Revision-Date unaobadilika kila mhariri wa tafsiri anapohifadhi, na maoni ya mahali, yanayoonyesha maneno yametoka mstari gani wa msimbo, mfano `#: src/main.c:120`, husogea msimbo ukiongezwa. Kiraka kwa kawaida hubeba mistari mitatu ya muktadha, isiyobadilishwa, juu na chini ya badiliko. Amri ya `patch` huvumilia tofauti kidogo katika muktadha. Amri ya `git apply` kwa kawaida haivumilii. Basi kiraka cha tafsiri kizuri kabisa kinakataliwa kwa sababu ya namba ya mstari ambayo hakuna anayeisoma! Kwa tafsiri, kagua kwa `msgfmt -c -o /dev/null sw.po`, kisha tuma faili zima. Yeyote anayemlazimisha mfasiri atoe kiraka anampotezea kazi.

Wa Chumbageni: Dada, hapo nakuunga mkono. Kwa msimbo bado nasimama na ombi la kuunganisha.

Wa Ngamiani: Na toleo la pili je? Kwa faili ni `git format-patch -v2 -1`, na unaeleza ulichorekebisha chini ya mstari wa `---`; `git am` huyaacha maelezo hayo nje ya historia. Kwenye ombi la kuunganisha, anayeanza hurundika komiti za "nimerekebisha" juu ya komiti, na msimamizi ndiye anayebaki kuzikunja ziwe komiti moja.